Jumuiya haipandi ndege: mwongozo kwa Mkristo wa Tanga anayekwenda kuishi ughaibuni

Jumamosi iliyopita zamu ya jumuiya yetu ya Nguvumali ilikuwa kwa mama mmoja anayekaanga maandazi. Saa 12:30 asubuhi mkeka ulishatandikwa barazani, mafuta yanachemka uani, na sisi tunaimba taratibu tusiwaamshe wapangaji. Baada ya neno na sadaka, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye taarifa. Binti wa mwenye nyumba akasimama, kanga mabegani.

"Shikamooni. Mimi tarehe kumi na nane naondoka, nakwenda Muscat kikazi. Naomba mniombee."

Tukamwombea. Kisha mzee mmoja akamuuliza, "Kanisa la huko umeshaliulizia, mjukuu wangu?"

"Nitalipata huko huko, babu."

Nilinyamaza, maana jibu hilo nalijua. Nililitoa mimi mwenyewe mwaka nilioondoka kwenda Ujerumani kujitolea katika nyumba ya kulelea wazee. Nilikuwa na begi moja na uhakika tele: si ndiko walikotoka wamisionari wetu? Nikakaa wiki 11 sijakanyaga kanisani. Makanisa yalikuwepo, mnara wa mojawapo niliuona kila nikifungua dirisha. Aliyekosekana ni mtu wa kuniambia Jumatatu, "jana hatukukuona."

Kanisa utalionyeshwa na ramani ya simu. Jumuiya haimo kwenye ramani, na kazi ya kuitafuta inaanzia hapa hapa Tanga, wiki nne hadi sita kabla ya safari. Mimi ni Mlutheri, kwa hiyo mifano mingi itaelemea huko, lakini nimeuliza na wa madhehebu mengine waliopita njia hiyo.

Hatua ya kwanza: jua utakachokikosa

Andika wiki yako ilivyo. Yangu ilikuwa hivi: Jumapili ibada ya kwanza, halafu mnada pale nje, ambako kuku mmoja huuzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha madhabahuni. Jumatano mazoezi ya kwaya. Jumamosi jumuiya. Katikati hapo msiba wa mtu au harusi ya mtu. Sasa pigia mstari kile ambacho kikikosekana mwezi mzima utaumia.

Majibu hayafanani. Kuna ambaye bila Ekaristi ya kila Jumapili anajiona hajasali. Kuna ambaye asiposali kwa sauti na wenzake anaona maombi hayajafika. Kuna mwanakwaya ambaye mahubiri hata yakiwa ya Kichina atavumilia, alimradi kuna besi na tenori. Ukishajua lako, utajua cha kuuliza. Mimi nilikuja kugundua kwamba nilichokosa ni ule mnada, na huo sikuupata popote.

Kwa Waanglikana jambo hili ni la lazima, si la kujifurahisha. Anglikana wa Tanga ni mtoto wa UMCA, ile misheni iliyoweka mizizi Magila, Msalabani pale Muheza, katika karne ya 19. Amezoea Misa, ubani, kengele na mavazi ya padri. Anglikana wa Dodoma amelelewa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana: Biblia mbele, mahubiri marefu, ubani hakuna. Uingereza tofauti hiyo ipo hivyo hivyo, wakati mwingine kwenye parokia mbili zinazopakana. Ukiingia ile isiyo yako siku ya kwanza unaweza kudhani umepotea dhehebu. Unapouliza, usiseme tu natafuta kanisa la Anglikana. Sema natafuta parokia ya Anglo-Catholic, watakuelewa mara moja na kukuelekeza.

Mwenye safari nyepesi kuliko wote ni Msabato. Lesoni ya Shule ya Sabato ni moja dunia nzima kwa juma lile lile, kwa hiyo aliyeisoma Tanga siku ya Alhamisi akitua Dubai Jumamosi anaweza kunyoosha mkono darasani. Mkatoliki naye ana nafuu ya aina hiyo, kwani masomo ya Misa ya Jumapili ni yale yale. Isome Injili ya siku kwa Kiswahili kabla ya kutoka chumbani, na hata Misa ikiwa ya Kitagalog utajua mmefika wapi.

Hatua ya pili: karatasi, na hapa usifanye haraka

Nenda ofisi ya usharika au parokia ukaombe barua ya utambulisho. Nawajua vijana wanaoikimbia ofisi kwa sababu bahasha za ahadi zimelala tangu Pasaka. Nenda tu. Sijaona mchungaji aliyemnyima msafiri barua kwa ajili ya bahasha, ingawa karani anaweza kukutazama kwa jicho fulani.

Barua iwe na mambo haya: jina lako kamili, usharika na mtaa wako, lini ulibatizwa na kupata kipaimara, huduma uliyokuwa ukifanya, na simu pamoja na barua pepe ya mtu anayeweza kujibu akiulizwa. Iandikwe kwa Kiingereza au lugha ya uendako, iwe na muhuri, na iseme "kwa yeyote anayehusika". Usiielekeze kwa kanisa moja ambalo huenda usilifikie. Omba nakala mbili halisi. Hiyo huduma uliyokuwa ukifanya usiiache nje, maana "aliimba kwaya miaka sita" au "alifundisha shule ya Jumapili" ndiyo sentensi itakayomfanya mchungaji wa kigeni akuite pembeni.

Sasa suala la jina. Watu wetu wengi hapa Tanga wana jina la shule, jina la nyumbani, jina la ubatizo, na babu wa upande wa mama aliyeingizwa kwenye paspoti kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilichelewa. Hakikisha barua ina jina lile lile lililo kwenye paspoti, herufi kwa herufi. Kama cheti cha ubatizo kina jina jingine, barua iseme wazi kwamba huyu na yule ni mtu mmoja.

Beba cheti cha ubatizo, cha kipaimara, na cha ndoa kama unacho. Vipige picha, ujitumie kwa barua pepe. Wakatoliki mliofikia umri wa kuoa, sikilizeni: parokia ya ughaibuni itakapotaka kukufungisha ndoa itadai cheti kipya cha ubatizo, mara nyingi kisichozidi miezi sita tangu kitolewe. Kile cha zamani hakitoshi. Sababu ni kwamba ndoa huandikwa pembeni mwa jina lako kwenye kitabu cha parokia uliyobatizwa, na cheti kipya kinaonyesha kuwa pale pembeni bado ni peupe. Kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani namba yako ya ubatizo na jina la parokia. Kumtafuta karani wa kule Lushoto kwa simu ukiwa Italia si mchezo.

Hatua ya tatu: fuata uzi ulioletea kanisa lako Tanga

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo iliyonigharimu zile wiki 11. Karibu kila kanisa la mkoa huu limefungwa uzi na mahali fulani ng'ambo. Uvute.

Sisi wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, yenye makao Lushoto, tunatokana na misheni ya Bethel ya Ujerumani, iliyopanda Usambara na kuanza kazi Mlalo mwaka 1891. Hadi leo dayosisi imo katika umoja wa misheni wa UEM, wenye ofisi Wuppertal, na zipo sharika za Kijerumani zenye urafiki na majimbo yetu. Kwenye sharika hizo utakuta wazee waliowahi kulala Mlalo au Vuga na wanaokumbuka ladha ya makande. Mimi niliishi mwendo wa saa moja na nusu kwa treni kutoka Wuppertal bila kujua. Barua pepe moja kwa ofisi ya dayosisi ingetosha: "Naenda mji fulani, je, kuna usharika rafiki karibu?"

Wakatoliki waanze na paroko, wamuulize ni mashirika gani yenye nyumba huko uendako. Mapadri Warosmini, kwa mfano, wapo Usambara tangu mwaka 1945, na shirika lao lina nyumba Uingereza, Ireland na Italia. Waanglikana wana USPG, shirika la misheni la London, ambalo ndilo lililoirithi UMCA walipoungana mwaka 1965. Wanafunzi waliokuwa TAFES chuoni, ule umoja wa wanafunzi wa Kikristo, wajue kwamba TAFES ni tawi la IFES, umoja wa kimataifa ulioundwa mwaka 1947, na nchi nyingi zina tawi lake kwa jina tofauti. Ujerumani linaitwa SMD. Waandikie wa TAFES Tanzania, wao watakuunganisha.

Lengo la hatua hii ni dogo sana: upande ndege ukiwa na jina moja na namba moja ya simu ya mtu aliye hai, anayejua kwamba unakuja. Orodha ya makanisa ishirini haifikii thamani ya namba hiyo.

Hatua ya nne, kwa wanaokwenda Ghuba

Naiweka peke yake kwa sababu dada zetu wengi wanakwenda huko, na kwa sababu kule kanisa si suala la kuamka na kuvaa. Sehemu hii nimesaidiwa na binti wa Makorora anayefanya kazi za nyumbani Muscat kwa miaka kadhaa, kwa ujumbe wa sauti anaotuma usiku akishamaliza vyombo.

Oman ina makanisa, tena ya halali, kwenye viwanja vilivyotolewa na Sultani Qaboos. Muscat yapo maeneo mawili, Ruwi na Ghala, na nje ya mji mkuu yapo Sohar na Salalah. Ndani ya uzio mmoja wa Ruwi wanasali watu wa makabila yote ya dunia kwa zamu, na ukikosea saa unajikuta katikati ya Wahindi au Wafilipino. Binti wetu anasema siku ya kwanza alikosea, akakaa hivyo hivyo, na mama mmoja wa Kifilipino akamshika mkono wakati wa Baba Yetu. Tangu hapo ndiyo ibada yake.

Siku kubwa ya ibada huko ni Ijumaa, kwa kuwa mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Falme za Kiarabu zilihamishia mapumziko Jumamosi na Jumapili mwaka 2022, Ijumaa ikabaki nusu siku, kwa hiyo ulizia ratiba mpya, usitegemee ya shangazi aliyerudi zamani. Qatar makanisa yamekusanywa eneo moja nje kidogo ya katikati ya Doha, na mlangoni kuna ulinzi. Nenda na kitambulisho. Saudi Arabia hakuna kanisa hata moja, na ibada ya hadhara ya dini nyingine hairuhusiwi. Anayesaini mkataba wa huko asaini akijua hilo.

Mambo ya kufanya ukiwa bado Tanga:

Soma mkataba, utafute mstari wa siku ya mapumziko. Kama haumo, uombe uandikwe, pamoja na ruhusa ya kutoka. Ahadi ya wakala ya mdomo, "ah, huko wanapumzika, usijali," isikutoshe. Binti mmoja wa mtaa wetu aliambiwa hivyo hivyo na wakala wake, akakaa miezi minane bila kuvuka geti.

Jifunze namna ya kumwomba mwajiri. Usianze siku ya kwanza. Ngoja akuone unavyofanya kazi, kisha uombe Ijumaa moja kwa mwezi, useme saa ya kutoka na saa ya kurudi, na urudi dakika kumi kabla. Binti wa Makorora alianza na moja kwa mwezi, sasa anapata mbili. Waomani wengi wana ndugu Zanzibar na wanajua Kiswahili, kwa hiyo usije ukamsema bosi mbele yake ukidhani haelewi. Na neno "kanisa" lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu. Mtamkie dereva wa teksi, atakupeleka.

Sheria za huko: ibada zifanyike kwenye maeneo yaliyoruhusiwa, si chumbani kwa mtu mkikusanyika kumi, na kumhubiria Mwislamu ni kosa. Msalaba wa shingoni ukae ndani ya nguo. Mwezi wa Ramadhani usile hadharani mchana. Hayo sisi wa Tanga hatuhitaji semina, tumekua na majirani zetu Waislamu, futari tunaletewa na Krismasi tunawapelekea pilau.

China nayo ina masharti yake. Miji mikubwa ina ibada za wageni tu, na mlangoni unaweza kuulizwa paspoti ili kuthibitisha kwamba wewe si raia. Usimlete rafiki yako Mchina kwa moyo mwema ukamtia matatani.

Hatua ya tano: Jumapili tatu

Wekea kanisa jipya Jumapili tatu kabla ya kulihukumu. Ya kwanza utashangaa, ya pili utakasirika, ya tatu ndiyo utakayoanza kuona watu.

Yangu ya kwanza ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tangazo mlangoni lilisema ibada saa nne kamili. Nikaangalia saa ya ukutani chumbani, nikavaa suti yangu ya kipaimara cha mdogo wangu, nikafika robo saa kabla. Mlango umefungwa. Hakuna mtu, hakuna gari, baridi inapenya soli. Nilisimama pale karibu dakika arobaini nikiamini kwamba Wajerumani wameacha dini. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba usiku ule nchi nzima imerudisha saa nyuma. Sisi ambao jua letu linachomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, nani angetufundisha? Basi ziweke akilini: Ulaya, Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele, ya mwisho ya Oktoba hurudishwa nyuma. Zote mbili ni Jumapili.

Akaja mama wa makamo na funguo na ndoo ya maua. Ndiye mtunza kanisa. Akaniangalia, akaangalia saa yake, akacheka, akafungua. Kijerumani changu kilikuwa cha kuomba chumvi tu. Akanionyesha kabati la vitabu vya nyimbo na kunifanyia ishara: kimoja kwa kila anayeingia. Watu walipoanza kufika walinikuta mlangoni, nimevaa suti, nawagawia vitabu, nawaambia "Guten Morgen". Wakadhani ni mzee wa kanisa mgeni. Kila mmoja alinipa mkono. Nimehesabu baadaye: siku ile niliwasalimia watu 26, na kama ningefika kwa wakati ningekaa benchi la nyuma nisisalimiwe na yeyote.

Tangu hapo ushauri wangu ni huu: fika mapema, umtafute mwenye funguo, uombe kazi. Kupanga viti, kugawa vitabu, kuosha vikombe. Kazi ya mikono haina sarufi.

Usishtuke na haya: ibada ya dakika 55, pamoja na matangazo. Mahubiri ya dakika 15 yanayosomwa kwenye karatasi. Namba za nyimbo kwenye ubao ukutani na hakuna anayezitaja. Benchi tupu nane, halafu bibi mmoja, halafu benchi tupu tano. Hakuna anayekuita mbele useme jina lako na unakotoka, na ukisimama mwenyewe kusema "Bwana Yesu asifiwe" utaitikiwa na vumbi. Hawajakudharau, kwao kumwacha mtu na nafasi yake ndiyo adabu. Kinachotakiwa ni kubaki baada ya ibada. Karibu kila mahali kuna kahawa au chai ukumbini, na ndipo kanisa lenyewe linapoanza. Andaa sentensi tatu kwa lugha yao: jina langu fulani, natoka Tanga, Tanzania, nimehamia hapa juzi. Ya nne iwe swali: mna kikundi gani katikati ya wiki?

Marekani ongeza sentensi ya tano, ya kuomba lifti. Miji mingi huko bila gari hufiki kanisani, na kuomba lifti si aibu. Atakayekubali kukupitia kila Jumapili ndiye atakayejua siku unaumwa.

Hatua ya sita: kitu cha katikati ya wiki

Hii ndiyo jumuiya yenyewe, ila imevaa nguo nyingine. Wenzetu hawazungukii nyumba kwa nyumba na mkeka. Wana kikundi cha Biblia cha Jumanne, kikundi cha kina mama, kikundi cha wanafunzi, na kwaya.

Kwaya kwanza, hata kama sauti yako ni ya kuchunga mbuzi. Inakutana kila wiki, inahesabu waliokosekana, na nota ni zile zile. Aliyepiga tarumbeta huku Usambara ana bahati zaidi: makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani yana bendi za matarumbeta kila pembe, na Bethel ilikotoka misheni yetu ni moja ya chemchemi zake, chini ya mchungaji Johannes Kuhlo. Nenda na mdomo wako, chombo watakuazima.

Mwanafunzi wa Ujerumani aulizie ESG, jumuiya ya wanafunzi ya Kiinjili, au KHG ya Kikatoliki. Zina chakula cha jioni, zina mchungaji au padri wa wanafunzi, na zina jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wameshakwama: mfuko wa dharura kwa wanafunzi kutoka nje ya Ulaya. Usingoje hadi kodi ya chumba ikushinde ndipo ujitambulishe.

Ibada ya Kiswahili

Itafute, lakini ujue utakayoikuta. Sehemu nyingi ughaibuni wanaoongoza ibada za Kiswahili si Watanzania, ni Wakongo na Warundi. Niliifikia moja kwa treni ya dakika arobaini, saa nane mchana, kwenye ukumbi walioazimwa na kanisa la Wajerumani. Mlangoni kijana akanikumbatia. "Karibu, kaka! Unatokaka wapi?"

Sisi wa pwani tuna ugonjwa wa kusahihisha watu Kiswahili. Nilimeza mate. Ibada ikachukua saa nne nzima, ngoma, machozi, ushuhuda wa mtu aliyetembea misitu miwili. Baadaye wakatoa sombe na samaki, na sombe hiyo, nikaja kuona, ni kisamvu. Nilikula sahani mbili nikiwa nalia kama mtoto. Kuanzia siku hiyo, Kiswahili chao ndicho nilichokiota.

Ila usiache kanisa la wenyeji kwa sababu umepata hili. Aliyebaki kwenye Kiswahili tu hujikuta miaka mitano baadaye hajui jirani yake, wala hana mtu wa kumwandikia barua ya kupanga nyumba. Mimi nilikuwa asubuhi kwa Wajerumani, mchana kwa Wakongo, mara mbili kwa mwezi. Nauli iliniuma, sijuti.

Pesa, na watu wa kuepuka

Ujerumani, ndani ya wiki mbili za kuhamia nyumba, unajiandikisha ofisi ya mji, na fomu inauliza dini. Ukijaza kuwa wewe ni Mkristo wa Kiinjili au Mkatoliki, utakapoanza kulipa kodi ya mapato utakatwa na kodi ya kanisa: asilimia 8 katika majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingine. Ni asilimia ya kodi, si ya mshahara. Ukikatwa kodi ya mapato ya euro 100, kanisa linapata 8 au 9. Asiyelipa kodi ya mapato, kama mimi mwaka wa kujitolea, halipi kitu. Wapo Watanzania wanaoshauriana kujaza "sina dini" ili kuokoa hizo euro tisa, halafu wanakuja kutaka kubatiza mtoto. Na ukishaandikishwa, kujitoa ni jambo la kisheria mbele ya ofisi ya serikali. Kwa Wakatoliki maaskofu wa huko walitoa waraka mwaka 2012 kwamba aliyejitoa hapokei sakramenti. Amua kwa akili zako, usiamuliwe na mtu wa bwenini.

Sasa wale wengine. Mchungaji anayetaka kukutunzia paspoti, mkimbie. Anayesema viza yako imefungwa na roho na kufunguliwa kwake ni kwa kiasi fulani cha dola, mkimbie. Anayekukataza kuongea na nyumbani, anayejua siku ya mshahara wako kuliko siku yako ya kuzaliwa, anayekutana nanyi mahali pasipokaribishwa wageni: wote hao hata wakiomba kwa Kisambaa safi, ondoka. Kanisa lenye afya linaruhusu uulize na linaruhusu uondoke.

Simu

Jumuiya ya nyumbani utaisikia kwa simu, na ni jambo jema kwa kiasi. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja. Ujerumani iko nyuma kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi, ina maana jumuiya ya Nguvumali ya saa 12:30 nilikuwa naiamkia saa 10:30 alfajiri. Nilifanya hivyo wiki nyingi, najiona mwaminifu, kumbe ndiyo ilikuwa kisingizio changu cha kutokwenda popote. Siku niliyougua homa, jumuiya ya simu iliniombea vizuri sana. Supu ililetwa na yule mtunza kanisa.

Ukirudi, omba barua kama uliyoondoka nayo, na ufike ofisini kuionyesha. Kuna waliorudi wakakaa mwaka mzima wanasali kwa simu kwenye kanisa la Ulaya.

Binti wa Muscat tulimpeleka ofisini Jumatano, mimi na mama yake. Kama nilivyohofia, paspoti ina majina matatu na kitabu cha ubatizo kina mawili, moja tu linalofanana. Mchungaji akaandika upya barua nzima. Muhuri ulikuwa umekauka, karani akaupulizia pumzi na kuugonga mara mbili. Nikampa binti namba ya yule wa Makorora, na mama yake, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza kama kule Ruwi wanaruhusu kuingia na maandazi ya kula baada ya ibada.

"Hilo mwulize huyo dada mwenyewe," karani akamwambia binti. "Mpigie leo leo."